Mwimbaji Asiyetajwa Jina

Sehemu ya nne

Kwa aliyelikosa gazeti la Jumamosi iliyopita, au aliyelifungia nyama kabla ya kulisoma: mimi ni Fermín Echarri, na mwaka wa arobaini na saba nilikuwa mwimbaji wa okestra ya tango ya maestro Leónidas Scarpino, hapahapa Buenos Aires. Tulipiga mkahawani barabara ya Corrientes siku za kazi, redioni kila Ijumaa, na kwenye madansi ya vilabu mwisho wa wiki. Nilikwisha kusimulia jinsi umeme ulivyokatika redioni nilipofungua tu kinywa, na jinsi mpiga fidla wetu alivyoteguka mkono kwenye ngazi akinifuata nyuma. Nilikoma pale niliponyoosha mkono kumsalimia mpiga besi wetu, tuliyemwita Bonge, na badala ya kunipa wa kulia, wake wa kushoto ukashuka haraka kwenye suruali.

Msomaji mmoja wa mtaa wa Flores ameniandikia kuniuliza kama nazua. Angekuwa mwanamuziki wa zama zile asingeuliza, angejishika na yeye.

Maana ndivyo tulivyo. Mtu akishasemwa kuwa ana nuksi, jina lake halitajwi tena. Anakuwa "yule", au "rafiki yetu", au watu humwonyesha kwa kidevu tu. Jina likimponyoka mtu, wanaume wote waliopo hujishika pale walipokatazwa na mama zao kushika, upande wa kushoto, kisha kahawa inaendelea kunywewa. Ni jambo la kuchekesha sana mpaka jina liwe lako.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuwa "yule". Na wiki hii ndiyo niliyoiogopa tangu mhariri aliponipa ukurasa huu.

Jumatatu saa tisa alasiri tulikuwa mazoezini, viti vya mkahawa vimepinduliwa juu ya meza. Maestro akagonga piano kwa pete yake tukanyamaza.

"Alhamisi," akasema. "Saa tatu asubuhi, studio. Santuri moja, pande mbili. Upande mmoja wa kuimbwa."

Moyo ulinidunda mpaka nikaona aibu. Miaka miwili niliingoja siku hiyo, na nitawaambia kwa nini, ili baadaye mnihukumu sawasawa.

Baba yangu alikuwa mchonga mawe kule Tandil. Baruti za machimbo zilimwacha kiziwi kabisa kabla mimi sijaanza kuimba, kwa hiyo hajawahi kuisikia sauti yangu hata siku moja. Nilipomwandikia kwamba mwanawe ni mwimbaji Buenos Aires, alinijibu kwa herufi kubwa, zilezile alizokuwa akichonga kwenye mawe ya makaburi: SIWEZI KUSIKIA. NIONYESHE PALIPOANDIKWA.

Na hapakuwa popote. Mabangoni lilikuwa jina la Scarpino peke yake, magazetini hivyohivyo. Lakini kwenye santuri, chini ya jina la okestra, huandikwa jina la mwimbaji. Sikutaka kingine duniani. Nilitaka santuri moja yenye jina langu, nipande nayo treni hadi Tandil, nimwekee mzee mikononi.

Don Américo akasimama. Alikuwa mpiga bandoneoni wa kwanza, kile kinanda cha kukunjua cha tango, mwenye mvi, mtu wa kanisani, na wenzake walikuwa wakimtuma palipokuwa na neno zito.

"Maestro, samahani. Wenzangu wamenituma kuhusu hiyo Alhamisi. Hatuwezi kuingia studio na rafiki yetu."

"Rafiki gani?" akauliza maestro.

"Maestro, unamjua."

"Don Américo," nikasema, "mimi nimesimama hapa. Niambie mwenyewe."

Aliitazama tai yangu, hakunitazama usoni. "Kijana, mimi nakupenda. Mke wangu anakupenda, kila Ijumaa anakuwekea redio. Lakini kule studio wimbo unachongwa kwenye nta, hitilafu ndogo tu na nta inatupwa. Na mitambo ile ina umeme. Mimi nina wajukuu."

Bonge akaguna kukubali. Wengine walikuwa wanazikagua ala zao, ghafla kila mmoja ana uchafu wa kufuta.

Okestra yetu ilikuwa na desturi yake. Kazi yoyote isiyokuwa ya mkataba wa kila siku hupigiwa kura, na maestro mwenyewe ana kura moja kama mpiga fidla wa mwisho.

"Tutapiga kura Jumatano, saa kama hizi," akasema maestro. "Mpaka hapo, mwenye jambo lake akalitafutie dawa."

Alikuwa anachezea pete na hakuinua macho. Nilidhani ananihurumia.

Nilimfuata Bonge nje mpaka kona. Yeye alikuwa na moyo laini, alikuwa akilia hata kwenye harusi za watu asiowajua.

"Bonge, niambie tu. Hili neno limetoka wapi?"

"Usinisogelee sana, kaka. Siyo kwa ubaya."

"Limetoka wapi?"

"Mimi nililipata kwa vijana wa okestra ya Bertoldi. Hao wamelijua zamani kuliko sisi." Akashika mfuko wake wa kushoto kwa heshima, kama mtu anayetafuta ufunguo. "Ndiyo maana Bertoldi aliacha kukutaka. Si alikuwa akikutaka?"

Ni kweli. Miezi miwili nyuma okestra ya Bertoldi, kubwa kuliko yetu, ilinitumia salamu mara mbili, halafu kimya. Nikaenda nyumbani Barracas nimejaa hasira, sijui nimmwagie nani.

Mke wangu Delfina alikuwa kwenye baraza ya nyumba ya kupanga, anamenya viazi juu ya gazeti. Alikuwa mshonaji wa mashati kiwandani na alikuwa na ulimi wa sindano. Nikamweleza yote. Hakuacha kumenya.

"Umetembea na mke wa mtu?"

"Delfina."

"Nauliza tu. Nuksi haidondoki kutoka darini. Kuna kinywa kilichoitoa. Umemkosea nani?"

"Sijamkosea mtu."

Hapo akaacha kumenya, akanitazama. "Basi yuko anayefikiri umemkosea. Mtafute, mburure hadi mkahawani kwenu, aseme mbele yao kwamba alizua. Ukikaa hapa kunililia mimi, hainisaidii wala haikusaidii."

Sasa naungama. Mke wangu nilimdanganya, ninyi sitawadanganya, maana gazeti mmenunua.

Kabla yangu, mwimbaji wa Scarpino alikuwa Elbio Garay. Mimi nilikuwa wa akiba, kazi yangu kukaa kiti cha pembeni na kumshikia mwenzangu koti. Garay alikuwa na sauti ambayo mpaka leo nikiikumbuka naumwa. Wakati wa kanivali, katika klabu moja ya Avellaneda, taa iliporomoka kutoka juu akiwa katikati ya wimbo, ikampiga mcheza dansi begani. Hakufa mtu. Kesho yake tulikuwa tumesimama kaunta tunakunywa kahawa, mmoja akaitaja ile taa. Mimi nikakoroga sukari yangu, nikasema polepole:

"Hiyo ni ya tatu sasa."

Hapakuwa na ya kwanza. Hapakuwa na ya pili. Wala sikuongeza neno. Kufika Jumamosi wenzangu walikuwa wamezipata hizo mbili wenyewe, pamoja na tarehe zake. Mwezi haukuisha, Garay akawa "yule", na mimi nikasimama mbele ya kipaza sauti chake.

Kwa hiyo Delfina aliponiuliza nimemkosea nani, nilimjua. Nikalala nikiwa na hakika kwamba Garay amenilipa kwa sarafu ileile.

Jumanne asubuhi nilimkuta mtaa wa Boedo, kwenye karakana ya kofia. Alikuwa amevaa aproni, mikono myekundu kwa mvuke, anavuta sufi iliyolowa juu ya kichwa cha mti. Alikuwa anaimba chinichini. Aliponiona akanyamaza.

"Fermín Echarri," akasema.

Alilisema waziwazi, jina lote, na mikono yake haikutoka kwenye kofia. Ilikuwa wiki nyingi sijamsikia mtu akilitaja jina langu nje ya nyumba yangu. Nilikuwa nimekwenda kumkaba, na badala yake nusura nilie.

"Umekuja kununua kofia?"

"Nimekuja kukuuliza kwa nini umenifanyia hivi."

"Nimekufanyia nini?"

"Usijifanye hujui. Nuksi. Umelipiza, sasa tumelingana."

Garay akaiacha kofia. "Nilipize nini? Kwani wewe ulinifanya nini?"

Nilikuwa nimeufungua mlango mwenyewe kwa ujinga wangu, sasa sijui niufungeje.

"Eti kwa sababu ulikaa kwenye nafasi yangu?" akaendelea. "Nafasi ikiwa wazi mtu huikalia. Ningekuwa wewe ningeikalia. Keti hapo, uniache nikuambie kitu ambacho sikupenda kuwa mtu wa kukuambia."

Nikakaa juu ya kasha.

"Wiki sita zilizopita alikuja hapa mtu wa Bertoldi, yule anayemtafutia waimbaji. Walikutaka sana. Lakini Bertoldi alikutana na Scarpino kwa kinyozi, viti jirani, taulo usoni. Akamwambia, nakuomba yule kijana wako. Scarpino akamjibu, mchukue tu, mimi nitapumua. Tangu aje huyo hatumalizi wiki bila balaa. Basi yule mtu akaja kuniuliza mimi, kama mtu wa zamani wa pale, ni kweli? Nikamwambia ni upuuzi. Hakuniamini. Mwenye nuksi akimtetea mwenye nuksi mwenzake, nani atamsikiliza?"

"Maestro," nikasema. "Maestro mwenyewe."

"Amekupaka matope ili usichukuliwe. Ni mapenzi ya namna yake."

Maestro Scarpino ndiye aliyenifundisha kupumua. Ndiye aliyeniondolea lafudhi ya Tandil, neno baada ya neno, kwa kunipiga rula magotini.

"Kesho kuna kura," nikasema. "Alhamisi tunarekodi. Garay, kama ungekuja ukasema hayo mbele yao."

"Nitakuja."

Alijibu upesi hivyo mpaka nikashtuka.

"Kama amekufanyia wewe," akasema, "basi ni yeye aliyenifanyia na mimi. Hata ile taa sijui nani aliifunga vibaya, lakini lawama ilikuja kuwa yangu. Nataka nisikie akikiri. Miaka miwili naziimbia kofia, Fermín. Nataka kurudi."

Tulikuwa wawili tu mle ndani. Palikuwa na nafasi ya kusema, na mtu wa kuambiwa, na mtu huyo alikuwa amelitaja jina langu kwa wema nilipokuwa sina wa kulitaja. Nikainuka kutoka kwenye kasha.

"Saa tisa," nikasema. "Usichelewe."

Jumatano hakuchelewa. Alikuwa amevaa suti yake ya zamani ya jukwaani, imempwaya mabegani, na kofia nzuri, kazi ya mikono yake mwenyewe. Tulipoingia mkahawani wawili pamoja, mikono kumi na mmoja ya kushoto ilishuka kwa wakati mmoja. Kwenye mazoezi hawakuwahi kwenda sawa hivyo.

"Mama yangu," akanong'ona Bonge. "Wamekuja wawili."

"Keti, Bonge, hatung'ati," Garay akasema.

Akasimama katikati ya meza, akaeleza kama alivyonieleza mimi, bila kupandisha sauti: Bertoldi, kinyozi, taulo, maneno. Alipomaliza, Don Américo akamgeukia maestro.

"Ni kweli, maestro?"

Scarpino alikuwa amekaa kwenye piano. Nilitegemea akane, na nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele. Hakukana.

"Ni kweli," akasema. "Nilimchukua kijana huyu anaimba kama anaswaga ng'ombe. Miaka miwili nimemchonga. Halafu Bertoldi anyooshe mkono amchukue hivihivi? Nilisema neno moja, kwa kinyozi, kwa mtu mmoja. Sikujua litatembea mji mzima lije liingie kwa mlango wangu mwenyewe." Akanitazama kwa mara ya kwanza wiki ile. "Nimekukosea. Sitaki kusema zaidi."

Wenzangu walibaki midomo wazi. Mmoja akaanza kucheka akajizuia. Mimi nilikuwa nimelowa jasho la furaha. Kumbe ilikuwa rahisi hivi.

Lakini Don Américo alikuwa mtu wa haki, na haki yake ndiyo iliyonimaliza.

"Basi tuyanyooshe mambo," akasema. "La kijana huyu lilikuwa uongo, kwa hiyo limefutika. Na la Garay? Kama nalo lilikuwa uongo, linafutika leo pia. Na kama linafutika, yeye alimtangulia kijana, na tulimtoa bila kosa. Nafasi ni yake. Alhamisi ataimba yeye."

Vichwa vikaitikia. Hata Bonge aliitikia, na mkono wake ukatoka mfukoni.

Garay alivua kofia.

"Sasa sema, maestro," akasema. "Sema kwamba na mimi ulinizulia."

"Hapana," akajibu Scarpino. "Langu nimelikubali, la mwenzangu silibebi. Lako mimi nililipata hapo kaunta kama hawa. Muulizeni aliyehesabu hadi tatu."

Walinigeukia mmoja mmoja. Garay aligeuka wa mwisho, na hata alipogeuka bado alikuwa haelewi, au nilitaka kuamini hivyo.

"Ni wewe kweli," Don Américo akasema. "Nakumbuka, nilikuwa kando yako. Ulisema hiyo ni ya tatu. Sasa, kijana, mbele ya watu. Ulikuwa unasema kweli au ulizua?"

Sitajipamba. Sikuchanganyikiwa, wala shetani hakunishika ulimi. Nilielewa vizuri sana. Nikisema nilizua, tutasafishwa wote wawili, na Garay ataingia studio kesho. Nikisema ilikuwa kweli, nitaingia mimi. Nilifikiria treni ya Tandil. Nilimwona mzee akiigeuza santuri mkononi, akipitisha kidole chake chenye sugu juu ya herufi. Na yule mwingine alikuwa amesimama hapo katika suti iliyompwaya, na yeye alikwisha kurekodi santuri nne. Nne. Hesabu hiyo nayo niliipiga.

"Kweli," nikasema. "Nilizihesabu."

"Ya kwanza ilikuwa ipi?"

Nikafungua kinywa bila kujua nini kitatoka. Sikuhitaji. Bonge aliniokoa.

"Ile ya Rosario," akasema, uso umemvimba kwa kukumbuka. "Kamba ya besi yangu ilikatika ikanichana shavu. Na alikuwa anaimba, naapa."

"Na ya pili basi letu lilipozimika njia ya Pergamino," akasema mwingine. "Tulisukuma wote. Yeye alikuwa amekaa mbele."

"Kamba yako ilikuwa imechakaa, Bonge," Garay akasema. "Nilikuambia uibadilishe. Ulisema utaibadilisha tukirudi."

Bonge akatazama sakafu. Mikono ilikuwa imekwisha kushuka tena.

Kura ilipigwa hapohapo. Walinyoosha ya kulia, maana ya kushoto ilikuwa na kazi. Wote, maestro pia, kwamba niimbe mimi. Don Américo akanijia, akanipa mkono kikamilifu, akasema, "Kesho saa tatu, Fermín." Akalisema jina langu. Nilikuwa nimelipata.

Garay aliivaa kofia yake, akaiweka sawa mbele ya kioo cha kaunta, kama mtu mwenye siku ya kawaida. Nilikuwa nikingoja anitemee mate, na ningeyapokea. Akaja hadi nilipo.

"Ubeti wa pili," akasema, "unavuta pumzi katikati ya mstari. Nimekusikia redioni. Ivute kabla, uende nayo hadi mwisho."

Akatoka. Kama alikuwa amejua tangu mwanzo ni nani aliyemponza, na alikuja tu kuona kama nitasema, mimi sijui. Miaka thelathini imepita na bado sijui.

Maestro akagonga piano. Tukaupitia wimbo wa kesho mara moja, na hapa pana jambo ninaloona aibu kuliko uongo wenyewe: niliimba vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Pumzi nilivuta kabla ya mstari, nikaenda nayo hadi mwisho. Don Américo alifumba macho akipiga. Bonge alilia.

Walipokuwa wakifunga ala zao, Scarpino akaniita kwenye piano. Alikuwa na karatasi ya mkataba, imepigwa chapa, ina muhuri.

"Kampuni ya santuri walipiga simu asubuhi," akasema. "Habari zimewafikia na wao. Sauti yako wanaichukua. Jina hawalichukui."

"Sijakuelewa."

"Lebo itaandikwa okestra ya Leónidas Scarpino, pamoja na mwimbaji. Basi. Wenye maduka ya Rosario na Córdoba hawatapokea kitu chenye jina lako, wala mtangazaji hatalisoma."

"Lakini nimesafishwa sasa hivi. Mbele ya wote."

"Umesafishwa humu ndani. Huko nje nani atakusafisha? Mtu mmoja tu alikuwa tayari kuzunguka mji mzima akisema ni uongo, na ametoka kwa mlango ule."

Nikashika ukingo wa piano. "Ulijua tangu asubuhi. Ukaniacha niseme yale."

"Nilijua ya kampuni," akasema maestro. "Utakayosema wewe ningeyajuaje?"

Kwenye kioo cha mbele niliona kona ya kituo cha tramu. Garay alikuwa bado amesimama pale, mgongo kwetu, na tramu ilikuwa haijafika. Hatua ishirini. Ningeweza kumrudisha, na wenzangu walikuwa hawajamaliza kufunga mikoba.

"Maestro," nikasema, "baba yangu ni kiziwi."

"Najua. Uliniambia."

Akailaza karatasi juu ya piano, akaifungua kalamu, akanisogezea.

"Saini hapo chini," akasema. "Jina lako lote, na uandike vizuri lisomeke."